Barua kwa mwanangu: hiyo Noeli yenu mpya

Lubumbashi, 12 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Ule ujumbe wa sauti ulionitumia Jumapili niliusikiliza jikoni nikichambua sombe, kisha baba yako akautaka naye, tukaurudia pamoja. Nimekuelewa hivi: tangu mhamie Liège, huko Ubelgiji, mmeanzisha mambo ya Noeli ambayo hukuyakuta kwetu. Kuna kalenda ya vidirisha, kuna kile kibwengo kinachohamishwa usiku watoto wakilala, kuna pijama za kufanana, kura ya zawadi, vitabu vya usiku wa mkesha, na simu ya video ya ukoo mzima. Mume wako amesema mwaka huu basi, hayo ni mambo ya kununua na kupiga picha, mrudi kwenye Noeli ya kweli kama ya nyumbani. Wewe mwenyewe umechoka, na unataka nikuambie kama yana maana au unajisumbua bure.

Nakuandikia kwa sababu jibu ni refu na umeme wetu hauna subira. Baba yako amevuta kiti karibu. Mwalimu wa historia akistaafu, mama, tarehe hazistaafu naye, kwa hiyo vingine utakavyovisoma humu si vyangu.

Nianze na hiyo Noeli ya kweli. Sitaki kubishana na mkwe wangu, haifai, na namshukuru kwa kuipenda meza yetu. Anachokikumbuka ni kile alichokikuta mlipokuwa wachumba: tunakula jioni, si mchana, na kabla ya kula kila mtoto anatumwa atoke akalete jirani mmoja. Anadhani tulirithi kwa mababu. Mimi nilikuwepo ilipoanza.

Mwaka 1974, Kongo yetu ikiitwa Zaire, serikali ya Mobutu iliifuta Noeli katika orodha ya sikukuu. Zilikuwa zile siku za kurudi kwenye asili. Majina ya Kikristo yalikuwa yamekatazwa tangu 1972, nikawa na jina la kanisani na jina la shuleni. Na mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1974 shule za misheni nazo zilitwaliwa. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama nyingine. Nkambo yako, baba yangu, alikuwa kwenye tanuru la shaba, pale kwenye dohani kubwa, akashika zamu yake ya asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi. Kwetu Noeli ililiwa mchana, watu wakitoka Misa. Mama alikuwa na kuku mmoja amemfunga mguu kwenye nguzo ya baraza, na sisi watoto tulizunguka pale asubuhi nzima, tukimtazama kuku, tukimtazama mama. Hakumchinja. Alisema baba yenu hatakula kiporo siku ya kuzaliwa kwa Bwana, tutakula akirudi. Halafu akaanza kuzifikiria zamu za wengine. Yule wa nyumba ya pili angerudi mkewe yuko kwao Kasenga. Yule kijana wa pembeni hakuwa na wa kumpikia. Akatutuma, kila mmoja na nyumba yake. Yule kuku aligawanywa mpaka kwa wengine likabaki jina la kuku tu na mchuzi. Bukari, ugali wetu, ndiyo iliyowashibisha watu.

Baadaye siku ya mapumziko ilirudi, lakini chakula hakikurudi mchana. Mkwe wangu anaita hiyo mila ya wazee. Ni uamuzi wa mwanamke mmoja aliyeudhiwa na saa za kazi.

Baba yako ananinong'oneza kwamba ndivyo zilivyo zote. Pango la Noeli alilitengeneza Mtakatifu Fransisko wa Asizi kule Greccio mwaka 1223, akaweka hori na majani, na ng'ombe na punda wa kweli. Taji la mishumaa la Majilio, zile wiki za kungoja Noeli, limetoka Hamburg, mwaka 1839, kwa mchungaji Johann Hinrich Wichern aliyekuwa akilea watoto maskini. Wale watoto walimchosha kwa kuuliza kila siku Noeli ni lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo myekundu ya siku za wiki na mikubwa minne myeupe ya Jumapili, ili wahesabu wenyewe wamwache apumue. Hata kalenda yenu ni ya Ujerumani. Mchapaji Gerhard Lang wa Munich ndiye aliyeichapisha na kuiuza mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuna iliyoshuka pamoja na malaika. Na jirani yetu Mkimbangu, wa kanisa la Simon Kimbangu, anasherehekea Noeli tarehe 25 Mei, kama kanisa lake linavyofundisha, tunaalikwa, na sijawahi kukataa sahani kwa sababu ya mwezi.

Kuna moja baba yako hachoki kuicheka. Mwaka uleule wa 1974 ambao sisi tulinyimwa Noeli, kule Japani, ambako Wakristo ni wachache mno, Kentucky Fried Chicken walianza kuwatangazia watu kwamba chakula cha Noeli ni kuku wao wa kukaanga. Mpaka leo familia huagiza mapema wasije wakamkosa. Kuku wao alitoka kwenye tangazo, wetu alitoka kwenye nguzo ya baraza, na wote wawili leo wanaitwa mila.

Kwa hiyo usihangaike kujitetea kwamba mambo yako ni mapya, na mumeo asiyashambulie kwa upya wake. Mimi nayapima kwa njia nyingine. Naangalia kazi inamwangukia nani. Halafu naangalia, mwaka mbaya ukija, kitu chenyewe kitasimama au kitaanguka pamoja na mshahara.

Hilo la mwaka mbaya ulikuwa mdogo, labda unakumbuka vipande tu. Miaka ile ya 1990 shaba ilipoporomoka, mshahara ukawa wa kusubiri, posho ya unga ikakatika. Mwaka 1993 wakaleta pesa mpya, zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Unakwenda sokoni na mfuko wa noti unarudi na nyanya za kiganja. Majirani zetu Wakasai, wale ambao mama yangu alikuwa akiwatumia watoto, wengi walikuwa wamefukuzwa, wamepanda treni na magodoro yao. Desemba ile vilianguka vingi. Gato, ile keki, ilianguka. Vinyago vilianguka. Karatasi za kumetameta zilianguka na hakuna aliyeziulizia. Nguo za Bonane, za Mwaka Mpya, za kaka zako nilizitoa kwenye suruali za zamani za baba yako: nilifumua, nikageuza upande wa ndani uliokuwa haujapauka ukawa nje, wakatembea nazo kifua mbele. Chakula cha jioni hakikuanguka. Hakikuwa kimeshikiliwa na kuku. Kilishikiliwa na mtoto aliyetoka nje akaenda kubisha hodi, na aliyebishiwa alikuja na chake, huyu ndakala, huyu matembele, huyu kibuyu cha munkoyo.

Basi tuanze na kibwengo, maana hakitanichukua muda. Umesema kila usiku lazima kikae mahali papya na kifanye utundu, kimwage unga, kifunge kamba za viatu, ili watoto wakiamka wacheke. Na kwamba kinapeleka habari zao kwa Papa Noeli. Umesema pia mwaka jana ulirudi kutoka zamu ya usiku, hujavua hata koti, ukakumbuka kwamba hakijahama, ukamwaga unga alfajiri, na watoto walipokwisha kucheka ukaufagia mwenyewe. Sasa kazi hiyo ni ya nani? Watoto wanatazama, baba yao amelala, na wewe unachafua nyumba uliyoisafisha. Mchezo huo ulianza na kitabu cha Kimarekani cha mwaka 2005 kilichouzwa pamoja na kisanamu chake, ni biashara, si dhambi. Ila hilo la kupeleka habari ndilo linalonikera. Sisi tuliokulia chini ya chama kimoja tunamjua mtu wa kukaa kimya pembeni, akisikiliza ya nyumbani kwako, usiku akaenda kuyasema. Hakuwa na kofia nyekundu. Kirudishe sandukuni, na watoto wakiuliza waambie kimehamishiwa mkoa mwingine. Wakililia sana, wapewe wao wawe wanakificha na ninyi wakubwa mkitafute. Utaona baada ya wiki moja hawakitaki tena.

Pijama zinahitaji maneno zaidi, na hapa nasema kama fundi wa kushona. Hizo picha zenu za WhatsApp zimefika mpaka huku mtaani kwetu Katuba. Kwa miaka kadhaa sasa, Novemba ikianza, wananiletea simu mbele ya uso: mama fundi, nataka kama hizi, watu sita. Wa kwanza alileta flaneli nzito yenye theluji na kulungu. Desemba ya Lubumbashi, mvua na fukuto, maembe yanadondoka kwenye mabati! Nilimwambia watoto wake watatoka upele kabla ya Bonane. Siku hizi nawashonea kwa pamba nyepesi au kwa kitenge, na mikono naifanya mifupi. Nguo ya kufanana yenyewe si ngeni kwetu. Ni harusi gani ilifungwa mji huu bila kina mama kuvaa kitenge kimoja? Kwa hiyo sina ugomvi na sare. Na kitenge hakitupwi tarehe 26 Desemba kama ile theluji yenu, mtoto analala nacho mpaka kimpasukie magotini.

Lakini nimepima familia nyingi, na sare inasema jambo ambalo mtu hakupanga kulisema. Kuna mteja wangu wa siku nyingi, alikuja na watu wake niwapime. Nikampima baba, nikampima mama, nikawapima watoto watatu. Mlangoni alikuwa amesimama msichana wa kama miaka kumi na miwili, ameshika mfuko wa mboga na mwavuli wa mama. Anakaa kwao, ni mtoto wa marehemu dada yake yule baba. Anafua, anapika, anapeleka wadogo shule. Nikamwita naye aje. Mama akasema, wala si kwa ubaya, kwa haraka tu: huyo hapana, hizi ni za picha ya familia. Yule mtoto alikuwa ameshaanza kuweka mfuko chini. Akauinua tena.

Usiku ule niliipanga upya ile pamba mezani. Nikapunguza pindo za suruali ya baba, mifuko ya mashati nikaiacha, vipande vya kwapani nikaviunga, ikatoka ya sita. Niliikunja nikaiweka katikati ya furushi, bei ileile. Baada ya Bonane mama akaja kunionyesha picha. Nikahesabu watu watano. Nikauliza wa sita yuko wapi. Akajibu, yeye ndiye aliyepiga. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: lakini alikuwa ameivaa.

Ukitaka sare, hesabu kwanza wanaolala chini ya paa lako na wanaoshinda humo, ndipo uende dukani. Kama pesa haitoshi wote, acha pijama, nunueni soksi.

Kura ndiyo ninayoitetea bila haya, na hii mumeo asiiguse. Unajua Noeli za ukoo wetu zilivyokuwa. Mwenye kazi alitakiwa awanunulie wote, na asiye na kazi alijificha. Mjomba wako mmoja alikuwa na homa inayompata kila tarehe 24 Desemba na kumwacha tarehe 26. Hakuna daktari aliyehitajika kuielewa. Mwenye kazi naye alianza mwaka na madeni, Januari yote akila kwa kukopa. Binamu zako ndio walioleta habari ya rafiki wa siri, karatasi zenye majina ndani ya sufuria, kila mtu anachota jina moja na zawadi moja. Wazee walinuna. Walisema ni ubahili wa vijana uliovishwa nguo. Tukaweka masharti: bei isizidi kuku mmoja wa sokoni, na kilichotengenezwa kwa mkono kinaruhusiwa.

Mwaka ule shangazi yako mkubwa alichotwa na shemeji yake yule mchimbaji, ambaye wakati huo shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua na hakuwa na hata faranga ya nauli. Kila mtu aliyejua alijikunja kwa ajili yake. Siku yenyewe akaja na kitu amekifunga gunia, kizito, akakiweka chini kikalia. Ilikuwa mbabula, jiko la makaa. Aliitengeneza kwa rimu ya gurudumu la lori, akaitoboa matundu ya hewa kwa mpangilio, miguu mitatu aliiunga kwa nondo, na pembeni akaweka mlango mdogo wa kutolea majivu wenye bawaba. Ule mlango! Shangazi yako alikuwa na mgongo, kuinua mbabula na kumwaga majivu kulimtesa, na hakuwa amemwambia mtu. Yule bwana alikuwa ameona. Mpaka leo anapikia hiyo, na tangu siku ile homa ya tarehe 24 haijarudi kwa mjomba yeyote, maana kila mtu anajua ana mikono.

Hiyo ndiyo desturi mpya ninayoiona imefanya kazi ambayo ya zamani ilishindwa. Kwenu, mkiwa na wale ndugu wa Brussels na Namur, igeni hivyohivyo, na kiwango kiwe kidogo mpaka kimwaibishe mwenye gari, si asiye nalo.

Kalenda sasa. Kwanza nikuombe, usiwatumie tena wapwa zako zile za chokoleti. Ya mwaka juzi ilifika Januari, na wadogo, hawakuwa na habari za kungoja, wakafungua vidirisha vyote 24 mchana mmoja, chokoleti imeyeyuka imeshikamana na karatasi, wakailamba pamoja na malaika. Baba yako naye anasema kalenda ya dukani inaanza tarehe 1 Desemba kwa urahisi wa mchapaji tu, ilhali Majilio huanza Jumapili inayoangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Mwache na Majilio yake. Mimi napenda kitu kinachomfundisha mtoto kungoja, na kwa nyumba zenu ambazo kila kitu kinaletwa mlangoni kesho yake, hilo ni somo. Ila chokoleti ya kununua haimpi mtoto la kufanya zaidi ya kutafuna. Chukueni bahasha za kawaida, watoto wazichore wenyewe, wazitundike kwenye uzi. Tarehe 1 Desemba ni siku ya Anuarite, yule sista wetu aliyeuawa Isiro siku hiyo mwaka 1964, akatangazwa Mwenye Heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Wasimulie hiyo, si ya kutisha, wasimulie msichana aliyekataa. Tarehe 6 wanaye Mtakatifu Nikolao wa Wabelgiji, huyo anajileta mwenyewe na machungwa yake shuleni. Siku nyingine weka kijikazi: mpelekee bibi wa chini taka zake, andika barua kwa nkambo, fundisha mdogo wako kuhesabu kwa Kiswahili. Bahasha ishirini na nne hazifiki bei ya kalenda moja, na mwaka mbaya hauzigusi.

Simu ya video, kusema kweli, jinsi tunavyoifanya haifai. Kwenu saa 2 usiku, kwetu saa 3, mtandao umejaa, simu inapita mikononi kama mtoto mchanga kwenye ubatizo, na kinachosikika ni "unanisikia? mimi nakuona, wewe unaniona?" mpaka inakatika. Wajukuu wangu wananionyesha paji la uso na dari. Badala yake nafikiria hivi: wiki moja kabla, wao warekodi kwa sauti ile Injili ya Luka, ya wachungaji, kwa Kiswahili, kila mmoja mistari yake. Wakikosea waache wakosee. Mnitumie mapema, nasi tutaisikiliza mezani majirani wakiwa wamekaa, kabla ya kula. Sisi tutawatumia nyimbo za huku, kaka zako wamo kwaya na wanajidai. Video ibaki ya dakika tano, ya kupungiana mikono, asubuhi wakati watu wamelala na mtandao uko huru.

Vitabu vya mkesha sina la kupunguza. Umesema mmeiga Waisilandi. Baba yako amethibitisha, tena kwa furaha ya kuudhi, kwamba kwao ilikua tangu 1944, wakati wa vita, vitu vya kutoka nje vikiwa vya mgao lakini karatasi ikipatikana, ndipo watu wakazoea kupeana vitabu. Shida ni kwamba vitabu vya Kiswahili huko kwenu hamvioni. Basi ameanza kuandika mwenyewe. Kila jioni yuko na daftari, anaandika habari za mji huu kwa ajili ya watoto wako: reli ilivyofika, dohani ilivyojengwa, mitaa ya Kenya na Kamalondo ya zamani. Mwandiko wake unaujua. Ninamwambia aandike herufi kubwa, ananijibu kwamba amefundisha miaka mingi.

Limebaki la jirani, ambalo ndilo mume wako analililia, na ana haki. Lakini Liège si Katuba. Huwezi kumtuma mtoto usiku wa mkesha akabishe hodi kwa Mbelgiji ambaye hakuarifiwa. Atadhani nyumba inaungua. Na kazi hii mpe yeye, mkwe wangu, maana wewe una zako. Aanze mapema Desemba. Yule mjane wa ghorofa ya chini uliyesema mwanawe yuko Canada, yule mwanafunzi wa kutoka Bukavu ambaye tiketi ya kurudi ni ndoto, amwendee kila mmoja kwa miguu yake, aseme siku, aseme saa, aulize wanakula nini na hawali nini. Watoto waende naye. Bukari apike yeye pia. Nimemwona akiisonga, anaiweza. Akishayafanya hayo mwaka mmoja atakuwa na neno zuri zaidi kuhusu mambo yako kuliko alilonalo sasa.

Pesa unayotutumia ya sikukuu usiongeze mwaka huu. Bei zimepanda huko kwenu pia, nasikia. Jikune unapofikia.

Sasa nitumie vipimo: kifua, kiuno, urefu wa mguu kutoka kiunoni mpaka kifundoni, na mkono mkiwa mmeukunja kidogo. Vya watoto wote wawili, vya mumeo, vyako, na vya yule binti wa Kiguinea unayekaa naye Jumatano mama yake akiwa kazini. Nimepata kitenge cha bluu chenye majani ya manjano, si cha theluji, na kitatosha nikipanga vizuri. Mtoto wa shangazi yako anapanda ndege mwanzoni mwa Desemba na amekubali kubeba furushi na daftari la baba. Nivipate kabla ya Watakatifu Wote, maana baada ya hapo foleni yangu inafika barabarani na wewe utapangwa kama wateja wengine.

Mama yako